Bango Mbele ya Duka la Fundi Khodadad

Tir 20

Mtihani wa kuingia chuo kikuu umekwisha na sina tena cha kusoma. Mwaka mzima nililala na kitabu usoni, na sasa mikono yangu haijui ikae wapi. Dada Hengameh amenipa daftari hili, akasema, "Wewe huongei, basi andika." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli siongei. Wageni wakija najificha jikoni nikaoshe vikombe ambavyo vimekwisha kuoshwa.

Nianze na watu wa nyumba hii. Baba ni Fundi Khodadad. Ana duka la kutengeneza redio na spika. Mlango wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unaingia uani kwetu. Hakuna spika ya msikiti wala ya ukumbi wa maombolezo upande huu wa mji ambayo haijapita mezani kwake. Hengameh ni dada yangu mkubwa, anasomea shahada ya udaktari katika kemia hapa hapa mjini na ameshakaribia kumaliza. Mama ni Mama. Mimi ni Nasibeh, nyumbani Nasi, nina miaka kumi na minane.

Baba ana saratani ya tumbo. Ni mara yangu ya kwanza kuliandika neno hilo. Nyumbani tunasema "tumbo la Baba" na kila mtu anaelewa. Majira ya machipuko alitiwa dawa ya mishipani kule Mashhad, usiku mzima ndani ya basi kwenda na usiku mzima kurudi. Daktari akasema uvimbe umenywea, apumzike kidogo, arudi mwezi ujao wa Mordad kwa awamu ya pili. Nywele zake zimeanza kuota tena, laini kama za kifaranga. Mama akipita nyuma yake huzigusa, akijidai anampangusa vumbi.

Tir 23

Joto. Baba alikwenda nje ya mji kutazama miti yetu ya zereshki, vile vitunda vichachu vya kutia kwenye wali. Anasema vitunda bado kijani, na miiba ni ile ile.

Tir 28

Leo Hengameh alinichukua maabara nimsaidie kuosha vyombo. Sumaku ya maabara yao ilianguka ikapasuka, kwa hiyo Baba alimtengenezea nyingine: aliitoa kwenye spika kubwa ya ukumbi wa maombolezo iliyoungua mwezi wa Muharram, akaitia mpini wa mti na kuuzungushia utepe mweusi wa nyaya. Wenzake Hengameh wanaiita "sumaku ya Fundi." Kila mmoja anaiazima.

Nilivyoelewa, kazi yake ni hii. Wanachukua chumvi mbili za chuma, wanazitonea amonia, na papo hapo maji yanakuwa meusi kama wino. Huo weusi ni chembe za chuma ndogo kuliko chochote kinachoonekana. Wanazivisha ganda jembamba, na juu ya ganda wanapachika kitu cha kufanya kazi. Kisha wanautia unga huo ndani ya chupa ya kioo pamoja na malighafi tatu na spiriti ya moto. Malighafi zile zingekaa siku nzima bila kuungana. Ukiwapo unga, zinaungana upesi na kuwa fuwele za manjano.

Halafu ikaja sehemu niliyoipenda. Hengameh alinipa sumaku. "Iweke ubavuni mwa chupa. Usitikise." Weusi wote ukakimbilia kwenye kioo, ukajikusanya pale ilipokuwa sumaku kama kondoo waliomwona mchungaji, na maji yakabaki meupe. Tukayamimina kwenye chupa nyingine, humo ndimo fuwele zingeota yakipoa. Unga ukabaki. Tukauosha kwa spiriti, tukauanika kwenye oveni, na kesho utatumika tena.

"Unaweza kutumika milele?" nikauliza.

"Hakuna kitu cha milele, Nasi. Kila ukioshwa unapoteza kidogo. Kazi yangu ni kujua unachoka lini."

Mordad 2

Mezani, Baba alimhoji Hengameh huku akichezea wali. Hali sana, lakini huuzungusha ili Mama aone sahani imevurugika.

"Sasa mwanangu, huo unga wenyewe ndio unakuwa dawa?"

"Hapana Baba. Unakutanisha tu. Vitu vikishaungana, wenyewe unatoka."

"Kumbe ni mshenga!" Baba akacheka hadi akashika tumbo. "Anawakutanisha watu, harusi ikianza anatafuta viatu vyake mlangoni."

"Na kesho anakwenda nyumba nyingine," akasema Mama.

"Na zile fuwele ndizo dawa?"

Hengameh aliweka kijiko chini. "Huenda. Zinafanana na vitu vilivyowahi kuwa dawa. Hazijawahi kumgusa hata panya, Baba."

"Huenda si haba," akasema Baba.

Mordad 8

Mwandishi wa habari wa tovuti moja ya mkoa alifika maabara. Hengameh anasema alipiga picha nyingi za sumaku ya Fundi na hakuandika sana.

Mordad 11

Habari imetoka. "Binti wa mji wetu agundua dawa ya saratani." Ile "huenda" haimo. Panya hayumo. Hengameh alisoma akiwa amesimama, akaketi kwenye ngazi. Ameandika kuwaomba wasahihishe. Wamemjibu kwa vijipicha vitatu vya maua na salamu za pongezi. Profesa wake amemwambia aache, watu watasahau wiki ijayo.

Mordad 13

Hawatasahau. Haji Baratali amepandisha bango.

Haji Baratali ndiye mwoka mikate wetu, jirani ukuta kwa ukuta. Ana sauti ambayo Baba husema haihitaji spika. Gari lake ndilo linalompeleka Baba stendi kila safari ya Mashhad, na hakubali hata kusikia habari za nauli. Basi leo asubuhi nilitoka kununua mkate, nikamkuta juu ya ngazi anapiga misumari mbele ya duka la Baba. Bango la plastiki, refu kama mkeka wa sebuleni, uso wa Hengameh mkubwa kuliko mlango. *Hongera Daktari Hengameh, binti wa Fundi Khodadad, kwa kugundua dawa ya saratani. Fahari ya mtaa wetu. Majirani na wenye maduka.*

"Nasibeh!" alinguruma. "Mwite baba yako aje aone!"

Baba alitoka na miwani yake ya kazi. Alitazama juu kwa muda mrefu. Wenye maduka wote walikuwa wamesimama milangoni wakimngoja aseme neno.

"Haji, umejisumbua. Sisi ni nani hata tustahili."

"Wee Fundi, hili ni dogo! Ingekuwa uwezo wangu ningelipandisha juu ya mnara!"

Watu wakapiga makofi. Baba akaweka mkono kifuani, akainama kulia, akainama kushoto. Mimi nilirudi ndani bila mkate.

Mordad 14

Siku nzima wageni na masanduku ya vitamutamu. Jikoni nimeosha vikombe, safari hii vichafu kweli. Bibi Kowkab wa nyumba ya mwisho alikuja na kichupa chake.

"Mwanangu daktari, nitilie kijiko kimoja tu, cha magoti."

"Bibi, si ya magoti. Wala haijawa dawa," akasema Hengameh.

"Basi nusu kijiko."

Tulicheka baada ya kuondoka. Hata Mama. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka juu ya jambo hili, nadhani, maana Mama alipokuwa anapangusa machozi ya kicheko alimgeukia Hengameh na kumwuliza polepole, "Lakini ya baba yako, itakuwa tayari lini?"

Mordad 20

Joto halipungui. Hengameh anatoka kabla ya chai na kurudi watu wamekwisha kula.

Mordad 24

Kesho ndiyo safari ya Mashhad. Begi la Baba liko mlangoni tangu juzi: pajama, taulo, sukari ya mawe ya kutia kwenye chai. Leo baada ya sala ya adhuhuri Baba alilichukua, akalifungua, akarudisha pajama kabatini.

"Nimeahirisha," akasema. "Nina nguvu. Kuna spika za maombolezo ya Arbaini za kumaliza."

"Umemuuliza daktari?" Mama akasema.

"Daktari ninaye nyumbani. Hujasoma bango?"

Alisema kwa mzaha, lakini Mama hakuichukua kwa mzaha. Aliniambia jikoni, "Anangoja ya dada yako. Ana haki. Ile ya Mashhad ilimtapisha mpaka damu." Niliona usoni mwake kuwa na yeye anangoja.

Nilimtazama Hengameh. Alikuwa anakata tango. Hakuinua kichwa.

Mordad 25

Basi limeondoka bila sisi.

Shahrivar 3

Zereshki zimeanza kugeuka rangi, upande wa jua tu.

Baba anakaa dukani, lakini nimeona spika zile zile ziko mezani tangu wiki iliyopita. Nakaa naye mchana. Amenifundisha kulehemu. Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo yeye anashika waya na mimi nashika pasi. Anasema karibu spika zote zinazoletwa kwake hazina ubaya wowote ndani, ni waya tu uliolegea nyuma, watu wanaukanyaga. "Kabla ya kufungua chochote, Nasi, gusa nyuma kwanza."

Wapita njia wanachungulia. "Fundi, heri yako! Wenzio wanahangaika na barabara ya Mashhad, wewe Mashhad umeizaa mwenyewe!" Baba anaweka mkono kifuani, anainama kulia, anainama kushoto.

Shahrivar 7

Shangazi Ezzat amekuja kutoka kijijini. Alimtazama Baba akivua koti, kisha akamwambia Hengameh mbele yetu sote, "Kama dawa ipo, mbona kaka yangu amebaki mifupa? Au unawawekea wageni?"

Hengameh aliondoka mezani. Nilimchukia Shangazi. Usiku wa leo, kusema kweli, namchukia Hengameh kidogo. Kwa nini hasemi? Yeye ndiye mwenye ulimi. Mimi ndiye bubu wa nyumba hii.

Shahrivar 10

Matokeo yametoka. Nimepata kemia, Mashhad. Baba alinibusu paji la uso, midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi. "Usimwambie Haji," alininong'oneza. "Misumari imemwishia."

Shahrivar 15

Nilimpelekea Hengameh chakula maabara. Alikuwa peke yake. Chupa iko juu ya kinu cha kukorogea, sumaku ya Fundi iko mkononi mwake, lakini hakuwa anaitumia, alikuwa ameishika tu kwa mpini.

Unga umechoka, aliniambia. Mara ya kwanza karibu malighafi yote iligeuka fuwele. Sasa, baada ya kuoshwa na kuoshwa, ni chini ya nusu. Nikasema pole. Akasema hilo si kitu, hilo ndilo alilotaka kulijua, ataliandika na kuutengeneza upya. Kisha akanionyesha ujumbe kwenye simu. Fuwele zake zilikuwa zimepelekwa mji mwingine, zikajaribiwe kwenye chembe za saratani ndani ya visahani. Majibu yamekuja. Chembe ziliendelea kukua kana kwamba zimemwagiwa maji.

"Nilijua," akasema. "Nyingi huwa hivyo. Katika mia hupati moja. Lakini nilikuwa nimeanza kungoja, Nasi. Mimi mwenyewe! Ninayejua! Nilikuwa nalala nikiota nampa Baba kijiko."

Akalia huku ameikumbatia sumaku kifuani. Dada yangu ambaye alikuwa akinisahihishia hesabu kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimekuja na hasira yote ya wiki nzima, na sikujua niiweke wapi.

"Mwambie Baba," nikasema. "Ili aende Mashhad."

"Siwezi. Akinitazama tu siwezi. Nafungua mdomo, naona anavyolitazama lile bango."

"Basi nitasema mimi."

Alinitazama kama vile meza imezungumza.

Shahrivar 16

Nataka kuandika kila neno kabla sijalisahau.

Baba alikuwa dukani, saa ya watu kulala mchana, mtaa mtupu. Mlango ulikuwa umefungwa nusu kwa ajili ya jua, na kivuli cha bango kilikuwa sakafuni. Nilikaa kwenye kigoda changu. Alikuwa ananionyesha waya wa bluu. Nikasema, bila kumtazama:

"Baba, dawa ya Hengameh haipo."

"Shika hapa, usiungue."

"Baba, haipo. Haijawahi kuwapo. Zile fuwele wamezijaribu, hazifanyi kitu. Mwandishi alikosea. Usiingoje."

Aliitoa pasi mkononi mwangu, akaiweka chini. Nilidhani ataanguka. Nilikuwa nimeshapanga nimdake vipi.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni fundi spika kwa miaka arobaini. Mtu akinong'ona huku, kule anatoka simba. Unadhani mimi ndiye nitakayedanganyika na sauti kubwa?"

"Ulijua?"

"Dada yako aliniambia mezani. Hata panya. Alisema hata panya."

"Sasa kwa nini huendi Mashhad?"

Alinyoosha kidole kwenye kile kivuli. "Nitoke na begi. Nipite chini ya lile. Niingie gari la Haji, maana nikiingia la mwingine nimemtukana. Nifike stendi, mkata tiketi ni mkwewe. Jioni mtaa mzima: baba yake mwenyewe ameikimbia. Kumbe uongo. Kumbe ule usomi wote ni picha ya plastiki. Watamcheka, Nasi. Hawatamcheka mwandishi, watamcheka yeye. Bado kidogo anakwenda kusimama mbele ya maprofesa atetee kazi yake. Ataingia pale na uso gani?"

Sijui sauti yangu ilitoka wapi. "Kwa hiyo unakufa ili majirani wasicheke?"

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo!"

"Nilidhani ni wiki mbili tatu," akasema polepole. "Nilidhani jua litalibabua, upepo utalirarua, Haji atalishusha, halafu nitakwenda kimya kimya. Sikujua kuwa plastiki yenyewe ni nzuri hivi."

Alitaka nicheke. Sikucheka. Akaichukua pasi, akaniwekea mkononi, akaushika waya wa bluu, na mkono wake ukatetemeka sana, nikashindwa kulehemu.

Shahrivar 17

Nilimwambia Hengameh alfajiri, akinawa uso. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni na hakuyafuta. Kisha akavaa koti lake la kutokea na viatu vya nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Haji Baratali. Nilimfuata.

Foleni ya mkate ilikuwa ndefu. Haji alikuwa tanuruni na koleo lake.

"Mpisheni daktari!" akanguruma.

"Haji, sitaki mkate. Nataka ushushe bango. Sijagundua dawa. Habari ile si kweli."

Haji akatabasamu kwa foleni nzima. "Mnamsikia? Huo ndio usomi. Mwenye elimu ya kweli hujishusha."

"Sijishushi, Haji. Hakuna dawa."

"Mashallah, mashallah. Baba yake vile vile, ukimsifu anasema mimi ni nani."

"Wallahi hakuna!"

"Na haya anazo!" akasema mama mmoja nyuma yetu. "Mtoto amelelewa huyu."

Kila alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda. Niliona mdomo wa dada yangu unafunguka na kufungika. Wote pale tumefundishwa tangu utoto kwamba ukisifiwa ukane, na anayekusifu asikubali. Hakuna hata mmoja aliyetufundisha neno la kutumia siku unayokana kweli.

Hengameh aligeuka. Aliichukua ngazi ya Haji iliyoegemea ukutani, akaiburuta barabarani hadi mbele ya duka letu, akapanda na vile viatu vya nyumbani. Alikata kamba zilizofungwa misumarini kwa mkasi wa kukatia mkate alioutoa kwa Haji. Upande mmoja ukaanguka, uso wake ukajikunja, kisha upande wa pili. Foleni yote ilikuwa imetoka nje, hata Haji.

"Baba yangu ni mgonjwa sana," akasema kutoka juu ya ngazi. "Hakuna dawa ila ile ya Mashhad. Haendi kwa sababu ya kitu hiki."

Haji Baratali alikuwa bado ameshika koleo lenye mkate. Mkate ukadondoka. Akauvuka, akaliokota bango mwenyewe, akalikunja polepole kama anakunja nguo ya mtoto, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, "Nenda kamvalishe baba yako koti. Nawasha gari."

Shahrivar 20, Mashhad

Daktari ni kijana, ana adabu. Aliziangalia picha za tumbo, za zamani na za jana, kwenye ukuta wa taa. Alimwuliza Baba kama anaumwa. Baba akasema, "Kidogo tu, usijisumbue, daktari." Kisha akatuita sisi nje. Uvimbe umesambaa hadi kwenye ini. Mwili hauna nguvu tena ya kuibeba dawa.

"Mngekuja mwezi ule tuliomwandikia," akasema, kisha akaona nyuso zetu akaongeza haraka kuwa pengine isingebadilisha kitu. Hengameh alisema, "Pengine."

Mehr 1

Vyuo vimefunguliwa. Nimeomba kuanza mwakani.

Mehr 9

Kila asubuhi kuna mkate mlangoni, umefungwa kwa kitambaa, bado wa moto. Haji hagongi. Baba hawezi kuula, lakini anaomba uwekwe karibu na mto anuse.

Leo aliniuliza, "Haji haji kuniona?" Nikasema anaona haya. "Mwambie aje. Mwambie nimezikosa kelele zake." Nilikwenda mimi mwenyewe, nikapita foleni yote, nikamwambia. Alikuja na aproni yake ya unga, akakaa kando ya godoro, na hawakuzungumza habari ya bango hata mara moja. Walizungumza habari za tanuru. Haji akitoka alilia uani, uso kwenye ukuta, na Mama akamletea chai akaishikilia tu.

Mehr 15

Zereshki zimeiva zote. Mjomba amepiga simu kuuliza kama tutavuna.

Mehr 19

Hengameh amekwenda kutetea kazi yake. Baba alimlazimisha. "Mshenga wako anakungoja," alimwambia. Alirudi mchana na maua. Wamempitisha. Katika kazi yake, anasema, ameandika wazi kuwa unga ulichoka na fuwele hazikufaa kitu, na profesa mmoja akamwambia ni mara chache mtu huandika hivyo. Aliyaweka maua miguuni pa Baba. Baba alikuwa amelala. Alikuwa amelala kwa muda mrefu.

Mehr 21

Baba amefariki leo asubuhi, tukiwa sote.

Mehr 24

Khitma ya siku ya tatu, katika ukumbi wa maombolezo wa mtaa wetu. Wanawake upande huu wa pazia, wanaume upande ule. Nilikuwa nagawa halwa na tende. Mbele ya duka wamepandisha kitambaa cheusi chenye jina la Baba. Wamekitundika kwenye misumari ile ile, maana ipo.

Msomaji alipoanza kutaja jina lake, spika ikapiga mluzi, ikakoroma, ikakata. Ikarudi, ikakata. Na upande wa wanaume nikamsikia Haji Baratali, kwa mazoea ya miaka yote, akinguruma:

"Fundi Khodadad! Hebu itazame hii!"

Halafu kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia, mamia ya watu, hata watoto. Kisha Haji akaanza kulia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Niliiweka sinia chini. Sikumbuki nilivyolipita lile pazia. Nilipita katikati ya wanaume wote wameinamisha vichwa, nikafika kwenye spika, nikapiga magoti, nikagusa nyuma kwanza. Waya ulikuwa umelegea. Mtu aliukanyaga. Nikausukuma ndani, nikaushikilia kwa vidole mpaka msomaji alipomaliza jina, na jina la baba yake.

Aban 5

Tumevuna. Mjomba alisema zikikaa wiki nyingine zitaoza mitini.

Tulikata matawi na kuyapiga kwa fimbo kama kila mwaka, glavu za ngozi mikononi na bado miiba inaingia. Tulikuwa hatuna turubai. La kwetu Baba alimwazima mtu na hakutuambia nani. Haji Baratali, ambaye alifunga tanuru aje kutusaidia, alikwenda kwenye gari lake, akarudi amebeba kitu kilichokunjwa. Alisimama nacho. Tulikijua sote.

"Ni plastiki nzuri," akasema. "Nikaona... kama mtakuwa radhi. Kama si hivyo nitalichoma."

Hengameh ndiye aliyelichukua. Alilitandaza chini ya miti, uso wake mwenyewe juu, *Fahari ya mtaa wetu*. Mama akamwondoa taratibu, akaligeuza, maandishi chini, weupe juu. Kisha tukapiga matawi mpaka jioni na zereshki zikaanguka juu ya ule weupe, nyekundu, nyingi kuliko mwaka jana. Baba angesema mti huwa hivyo usipotazamwa.

Mkasi wa Mama ulipoteza msumari wake kwenye majani. Hengameh aliitoa mfukoni sumaku ya Fundi, akaipitisha juu ya majani kimya kimya, mara moja, mara mbili, mpaka ikalia *tik*.

Tulipomaliza kumimina zereshki kwenye magunia, Haji alilishika bango pembeni, akataka kulitupa nyuma ya ukuta. Lilikuwa na madoa kila mahali.

"Lilete," akasema Mama. "Tulioshe. Mwakani tutalihitaji."